Rejeta Inayonuka Ndizi

Begi langu liko nje kwenye kamba. Limefuliwa, likasuuzwa, likafuliwa tena kwa ndimu, na bado inzi wa mtaa mzima wanalifanyia mkutano. Jana jioni jirani alisimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu, akaniuliza kama nimeanza biashara. Nikamjibu ni dawa ya kikohozi imemwagika. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema yuko mchungaji mmoja huko kwao anayewaombea watu wenye kikohozi cha aina hiyo, na wengi wameacha kabisa.

Sikumweleza ukweli kwa sababu ukweli ni mbaya zaidi: nimemwagia shehe divai ya ndizi, siku ya Ijumaa, akiwa njiani kwenda kuswalisha.

Ilianzia stendi ya Lushoto. Asubuhi ya Julai kule mlimani, kwenye mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, watu wanasalimiana huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Wanaume wamevaa makoti na kofia za sufu, akina mama wamejitanda kanga mbili na kitenge juu yake. Nilikuwa natoka mapumzikoni. Kila niliyemuuliza kabla ya safari alinipa ushauri uleule: Lushoto si pa kukimbia, tembea taratibu, kaa kando ya mto, kunywa kidogokidogo, lala mapema. Nilitekeleza yote. Na kwa kujipongeza nikaamua kushuka na chupa moja.

Chupa yenyewe iliwahi kuwa ya divai ya Dodoma. Lebo ilikuwa imebanduliwa nusu, kizibo kimegongomelewa kwa nyundo. Bibi aliyeniuzia anakaa bondeni upande wa Soni, hatua chache kutoka mtoni, na mapipa yake yamo kwenye kibanda cha mawe ambacho ukuta wake ni wa baridi hata saa nane mchana. Alinionyesha anavyojua kwamba divai imekuwa tayari. Anainama, anaweka sikio kwenye ubavu wa pipa, anafumba macho. Ikiwa bado, inanong'ona. Ikiwa tayari, inanyamaza. Nami nikainama, nikaweka sikio. Kimya kabisa. "Imelala hii," bibi akasema, akachukua mrija.

Sasa turudi stendi, kwenye kosta ya kushuka Mombo. Chupa niliifunga kwenye mfuko mbadala, nikaisimamisha ndani ya begi, na kwa kuwa zipu haikufunga, shingo ilibaki nje. Nikaketi, begi katikati ya miguu. Konda akaniona.

"Anko, begi halikai hapo. Watu wanapita."

"Lina chupa, kaka. Nitalishika mwenyewe."

"Hata lingekuwa na mtoto. Lete mbele."

Mbele maana yake ni juu ya bonet, lile bati la kufunika injini pembeni mwa dereva, lililotandikwa blanketi kuukuu ili lisiwaunguze watu. Hapo ndipo begi langu lilipowekwa, kwa amri, mbele ya mashahidi. Kwenye siti iliyopakana na bonet alikaa mzee mmoja, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia ya viua, bakora mkononi. Nilimwamkia, akaitikia. Akaona begi linayumba.

"Usijali kijana," akasema, "mzigo wako nitakushikia."

Akalizungushia mkono wa kushoto. Na hivyo ndivyo tulivyoondoka Lushoto, mimi nimekaa siti ya tatu na shehe ameikumbatia divai yangu.

Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo ni kama kilomita 34, na nyingi kati ya hizo ni kona. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na huko chini mto unakwenda njia moja na sisi ila wenyewe hauna breki. Soni tulipita maporomoko ya maji, watu wakavua makoti. Kona chache zaidi, wakavua masweta. Madirisha yakafunguliwa. Mama aliyekuwa na kapu la mapeasi akaanza kujipepea na daftari la mwanawe. Kila kona shehe alilivuta begi kifuani lisianguke, na kila shimo akalitikisa bila kukusudia. Nilimwangalia kwa shukrani. Mombo ilikuwa imeshaonekana huko chini.

Mlio uliotokea sijui niuelezeje. Kizibo kilipiga dari, kikapiga kioo cha mbele, kikampata dereva kwenye sikio. Nyuma yake ikatoka divai, wima, kwa hasira ya ng'ombe aliyefunguliwa zizi asubuhi, ikagonga dari na kurudi chini kwa mtu mmoja tu.

"Rejeta!" dereva akapiga kelele, akakanyaga breki.

Hakuna aliyemlaumu. Kitu kinachoruka na kutoa povu karibu na injini, kwenye mteremko, ni rejeta. Watu walitoka kwa mlango na kwa madirisha. Konda, kijana mwepesi, alishaweka jiwe chini ya tairi kabla gari halijasimama vizuri. Kisha akarudi, akapanda, akanusa mara mbili.

"Rejeta gani inanuka ndizi?"

Macho yote yakageuka. Begi lilikuwa bado linatoa povu taratibu, mikononi mwa shehe, ambaye hakuwa ameliachia. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote isipokuwa kwa dakika zile chache. Mfuko mbadala unachuja. Divai iliyobaki ilipita humo, ikapita kwenye nguo zangu, ikapita kwenye blanketi, ikafika kwenye bati la moto na kuanza kuchemka. Kosta nzima ikanukia kilabu cha pombe.

"Kijana," shehe akasema, "hiki ni nini?"

"Juisi, shehe."

"Ya nini?"

"Ya ndizi."

"Imekamuliwa lini?"

Mtaalamu wa maabara asingeuliza swali zuri kuliko hilo. Nikasema ni kitambo kidogo.

"Hicho kitambo kidogo, kinazidi siku tatu?"

Nilinyamaza. Baadaye nilikuja kuelewa undani wa swali lile. Katika mafundisho ya dini yake, maji yaliyolowekwa zabibu kavu au tende yalinywewa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, basi; zaidi ya hapo hayakunywewa tena. Kwenye nchi ya joto, siku tatu ndio muda ambao chachu inakuwa imeshika kazi vizuri. Mpaka huo uliwekwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuiona hamira kwa darubini, na shehe aliutumia kunihoji barabarani akiwa ananitiririkia.

"Kanzu itafuliwa," akasema mwishowe. "Swala haitanisubiri."

Dereva alimpa kikoi. Fulana safi iliyopatikana ndani ya gari lile ilikuwa moja tu, jezi ya konda. Shehe alishuka Mombo amevaa kikoi cha dereva na jezi ya timu ambayo, aliniambia kwa upole, haijawahi kuingia nyumbani kwake.

Kabla ya hapo, lakini, tulisimama kando ya barabara nusu saa, na abiria walijadili chanzo. Mwalimu mmoja ndiye aliyeshinda mjadala. Alisema ni presha ya mlima: umetoka juu penye presha ndogo, umekuja chini penye presha kubwa, kizibo lazima kiruke. Wote wakaitikia. Ni kweli, presha.

Hapo nilishindwa kuvumilia, na naomba msomaji aniruhusu kidogo, kwa kuwa katika kufua nimepata nafasi ya kulifikiria jambo lenyewe, na linavutia kuliko mwenye begi.

Ndizi mbichi ni wanga. Ikiiva, wanga unageuka sukari. Hamira, ambayo ni kiumbe hai cha seli moja, inaila sukari hiyo na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa uzito ni karibu nusu kwa nusu. Sukari ya gramu 100 inatoa gramu kama 51 za kileo na gramu 49 za hewa. Watu wanakikumbuka kileo, hewa hawaikumbuki kwa sababu kwenye pipa lililolegezwa kifuniko inajiondokea. Ule mnong'ono anaousikiliza bibi ndiyo hiyo hewa ikiaga. Sasa ifungie chupani. Vijiko viwili vidogo vya sukari, gramu kama 10, vikibaki kwenye chupa ya mililita 750, vinatosha kutoa hewa ya zaidi ya lita mbili na nusu. Hewa hiyo yote inatafuta nafasi kwenye shingo ya chupa yenye upana wa vidole viwili.

Na hamira ina sababu mbili za kunyamaza. Moja ni kwamba sukari imekwisha, kazi imekamilika. Ya pili ni baridi. Nyuzi joto 20 hadi 30 inachapa kazi. Zikishuka kuelekea 10, aina nyingi zinasinzia na sukari yao mdomoni. Kwa sikio, kimya cha aliyemaliza na kimya cha aliyesinzia havitofautiani hata kidogo. Bibi alisema kweli kabisa: ilikuwa imelala. Iliamkia karibu na Mombo.

Wafaransa wa Champagne waliteswa na jambo hilihili. Divai yao walikamua wakati wa mavuno, baridi ikaingia, hamira ikalala kwenye mapipa, wao wakadhani imekwisha na kujaza chupa. Joto lilipoanza kurudi, hamira ikaamka humo ndani. Chupa moja ilipopasuka, vipande vyake viliamsha za jirani, na ghala zima likaitikia. Wafanyakazi waliingia humo wamevaa vinyago vya chuma usoni. Dom Pérignon, mtawa Mbenediktini aliyesimamia ghala la abasia ya Hautvillers, juu ya bonde la mto Marne, kuanzia 1668 hadi alipofariki mwaka 1715, dunia inamsifu leo kwa povu la shampeni. Kumbe maskini alihangaika kulizuia. Namwelewa sana.

Tofauti yetu ni kasi. Champagne inahitaji miezi kadhaa kutoka kipupwe hadi joto. Kosta ya Lushoto inaimaliza kazi hiyo asubuhi moja. Ukishuka mita 1,000, kama kutoka Lushoto hadi Mombo, unaongeza nyuzi kama sita kwa kushuka tu. Ongeza jua la tambarare, ongeza bonet. Na kinywaji kikipata joto, uwezo wake wa kuishika hewa iliyoyeyuka ndani yake unapungua, kwa hiyo hata hewa iliyokuwa imetulia humo tangu kibandani inadai kutoka. Ongeza kona, kila moja na mtikisiko wake.

Ama presha ya mlima, mwalimu aliishika kinyume. Lushoto hewa ya nje inakandamiza kwa kiasi cha asilimia 85 ya ile ya pwani. Mombo ni kama 95. Maana yake ni kwamba kadiri tulivyoshuka, hewa ya nje ilizidi kukisukuma kizibo ndani. Mlima ulikuwa unanisaidia! Ulipambana kwa ajili yangu mpaka kona ya mwisho, ukazidiwa nguvu na bonet. Niliwaeleza haya yote pale barabarani, kwa mikono na kwa kuchora mchangani.

"Anajitetea kwa sayansi," akasema mama wa mapeasi.

Konda alinitoza shilingi elfu ishirini za kusafisha gari. Risiti hakuna. Gari lilelile asubuhi hiyo lilikuwa na jogoo wawili chini ya siti ya nyuma, dumu la samli lisilo na kifuniko, na gunia la mkaa lililokuwa linapukutika tangu stendi. Hao hawakutozwa. Aliyeamuru chupa ikae juu ya injini naye hakutozwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anatoza.

Na hapa utani unanipungukia. Niliwasikia wakisema, tulipoondoka tena, kwamba haya ndiyo matatizo ya pombe za kienyeji, hawa vibibi wa milimani wanatengeneza mabomu. Sikupenda. Anayeishi Usambara ana kila sababu ya kugeuza matunda kuwa kitu kingine. Zabibu ni mambo ya Dodoma, penye ukame na jua, ambako mzabibu ukipogolewa vizuri unazaa mara mbili kwa mwaka. Kwenye mvua na ukungu wa Lushoto zabibu zingeota kuvu kabla hazijaiva. Lakini ndizi zipo, miwa ipo, mapeasi, plamu na mafyulisi yapo, na yote yanaiva kwa pamoja. Msimu ukishika, Soni na Mombo vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na ndoo za plamu, bei inashuka kwa kila basi linaloondoka, na jioni zilizobaki zinamwagwa. Mboga nazo zinaondoka kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu. Kipimo halali kinaishia kilo 100, kila dalali anakijua, na kofia bado zinashonwa. Mkulima analipwa gunia, kofia anaitoa sadaka.

Kwa hiyo bibi ametafuta njia. Anachokosa si akili. Kuna kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya divai na kuonyesha kama kuna sukari iliyobaki. Ukiwa nacho, sikio linapumzika. Kuna kipimajoto. Kuna sufuria, kwa kuwa Louis Pasteur alionyesha tangu miaka ya 1860 kwamba ukiipasha divai moto hadi karibu nyuzi 60, bila kuichemsha, hamira inakufa na haitamwaibisha mtu. Na kuna chupa mpya. Vyote hivyo kwa pamoja havifiki gharama ya chakula cha mchana cha semina moja. Bibi alishawahi kuitwa kwenye semina. Ilihusu kuongeza thamani ya mazao. Alipewa fulana, daftari na soda, akanyoosha mkono na kuuliza mjasiriamali mdogo atapata wapi chupa zisizouzwa kwa maelfu kwa mkupuo. Akaambiwa hilo ni swali zuri. Fulana bado anaivaa shambani.

Haki itendeke pia kwa wengine: wapo wanaoimudu kazi hii pale pale. Masista wa Ubiri, kabla hujaingia Lushoto mjini, wanajulikana kwa jibini, jamu na divai. Wabenediktini, ndugu wa shirika la Pérignon, wako Sakharani karibu na Soni, wanalima makadamia na kutengeneza divai yao, kwenye shamba lenye lakabu ya Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyepigana na Mkwawa, akahamia Usambara kulima, na kuuawa kwenye vita ya Tanga Novemba 1914. Wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Hakuna chupa ya masista wala ya mapadre iliyokuwemo kwenye begi langu, na naomba ieleweke hivyo.

Mengine ya safari ile ni madogo. Irente nililipa kiingilio cha kutazama nyika ya Wamasai kutoka ukingoni, nikapiga picha tisa za ukungu. Jibini nililonunua lililiwa na paka wa nyumba ya wageni, mwenye nyumba akaniuliza kwa nini nililifunga kwa karatasi nyembamba. Mtoni niliteleza, watoto wakashangilia. Msitu wa Magamba mwongoza wageni alinionyesha kinyonga mwenye pembe mbili. Nilipoipata simu mfukoni, alikuwa keshaondoka.

Jana usiku nikampigia bibi. Nilitaka ajue, kwa usalama wa wateja wengine.

"Onga mshi, bibi," nikaanza, nikijua kabisa kwamba saa za salamu hiyo zimepita.

Akacheka, akaitikia. Nikasimulia yote: konda, bonet, shehe, jezi, elfu ishirini. Nikamweleza hamira inavyosinzia. Hakunikatiza.

"Kwani ulipita nayo Mombo?" akauliza.

"Bibi, nitarudije Dar bila kupita Mombo?"

"Mjukuu wangu, ile si ya kupita nayo Mombo. Ile ni ya kukaa hapa ukainywa. Ulikuwa na haraka gani?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo, kisha sauti yake ikawa ya biashara.

"Na chupa?"

"Chupa gani, bibi?"

"Chupa yangu. Ilipasuka?"

Haikupasuka. Ilikuwa nzima kabisa. Konda alibaki nayo, akasema itamfaa kuwekea mafuta ya breki.

"Basi utanitumia elfu mbili," akasema bibi. "Chupa hazipatikani."

Nikatuma elfu mbili, na ya kutolea.